Jiwe la Rasi ya Kukosea

Macho ya Ambrose Puddister yalikuwa bado yana usingizi, lakini masikio yake yalikwishaingia kazini. Ndivyo walivyo watu wa kazi yake. Alikuwa ameketi katika mkahawa wa Mtaa wa Water, mjini St. John's, kisiwani kwetu, chai mbele yake, akihamishia vipakiti vya sukari ya mkahawa kwenye mfuko wa koti lake la kijani kimoja kimoja, aliposikia meza ya nyuma mtu akilalamika kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Nimetoka Toronto mpaka hapa," sauti ilisema. "Nimeendesha gari zaidi ya saa mbili, ukungu mbele, ukungu nyuma. Nimetembea kwenye tope mpaka magoti yakaomba msamaha. Nafika kwenye mwamba wenyewe, naambiwa nivue viatu! Mimi! Nitembee na soksi kama mtoto anayepelekwa kulala!"

"Kila mtu anavua, mpenzi," alijibu mhudumu, akimwaga kahawa. "Vile viumbe vilivyogeuka mawe pale mwambani vina umri zaidi ya miaka milioni mia tano. Huwezi kuvikanyaga na buti."

"Nikawaambia nataka kipande kidogo tu, nalipa. Wakanicheka! Sheria, sheria, hata kokoto haliondoki. Eti kuna bibi mmoja kijijini anauza nakala za saruji kwa ajili ya shule. Saruji! Wendell Haverstock aweke saruji sebuleni! Mtu akiniletea jiwe lenyewe, sitauliza bei, na wala sitauliza limetokaje."

Ambrose aliweka kikombe chini taratibu. Wapo watu wanaosikia sauti za malaika; Ambrose alikuwa amesikia neno "sitauliza" mara mbili kwa pumzi moja, na kwake lilikuwa tamu kuliko kinanda cha kanisa.

Hapa inabidi nikueleze kidogo kuhusu huyu bwana, ili usije ukamhukumu mapema. Subiri umjue vizuri kwanza, ndipo umhukumu. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na sita. Katika maisha yake alikwisha kuuza kibali cha kuvulia ziwa lisilo na hata chura. Majira ya kuchipua yaliyopita, barafu kubwa kama kanisa ilipoelea mbele ya bandari, alimwuzia Mjerumani mmoja hati ya kuimiliki, yenye mhuri, na kumsihi aje kuichukua kabla ya Agosti kwa sababu hapo bandarini nafasi ni ndogo. Mjerumani alishukuru sana.

Lakini mwaka huo Ambrose alikuwa amechoka. Kisa chenyewe ni Loretta, dada mmoja anayefanya kazi ya dobi, mwenye mikono mekundu kwa maji moto na ulimi usiohitaji kunolewa. Loretta alimpenda, jambo ambalo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Ila alikuwa na sharti moja. "Siku utakapokuwa na kazi ninayoweza kumtajia mama yangu," alimwambia, "siku hiyo tutakwenda kwa padri. Kabla ya hapo, usinisogelee na pete, maana sitajua umeitoa kidole cha nani."

Na kazi hiyo ilikuwepo. Mzee Cluney, aliyekuwa na gari la chipsi kando ya ziwa la Quidi Vidi, alikuwa anastaafu kwa sababu ya miguu, na gari alikuwa analiuza pamoja na karai, mizani na wateja wa miaka ishirini. Ambrose alikuwa na akiba yake kwenye kopo la biskuti chini ya ubao wa sakafu. Ilikuwa inakaribia, lakini haijatosha. "Wapo na wengine wanalitaka," Mzee Cluney alimwambia, akijikuna goti. "Jumamosi saa sita mchana. Atakayefika na fedha kamili, ndiye mwenye gari. Mimi sina upendeleo, nina miguu tu."

Siku hiyo ya mkahawani ilikuwa Jumatano. Ambrose alijiapiza kuwa huu ungekuwa utapeli wake wa mwisho, na alikuwa anasema kweli, kama alivyokuwa amesema kweli zile mara nne za kwanza.

Aligeuza kiti.

"Samahani, bwana mkubwa," alisema, akishusha sauti mpaka mhudumu mwenyewe akainama ili asikie. "Mambo kama hayo hayasemwi hivi, hadharani. Kuta za mji huu ni nyembamba."

Bwana Haverstock alimtazama. Alikuwa mtu mnene, ndevu zimechongwa vizuri, koti la mvua la bei ambayo huwezi kuiuliza. "Wewe nani?"

"Mimi si mtu. Mimi ni mpwa wa mtu. Mjomba wangu ana boti, na boti inapita chini ya miamba ile kila juma." Ambrose alitazama kushoto na kulia, kisha akatazama tena kushoto, kwa sababu mara mbili ndiyo inayoshawishi. "Unakaa hoteli gani?"

*

Mchana huohuo Ambrose alikuwa amefika pwani ya kusini, kwenye kijiji cha mwisho kabla ya rasi. Rasi yenyewe ni Rasi ya Kukosea. Manahodha wa zamani, ukungu ukiwafumba macho, waliidhani ni ile rasi ya mbele yake, wakakata kona mapema, wakaingia mwambani na meli zao. Jina la namna hiyo lingemfanya mtu mwenye akili asite kidogo. Ambrose alipita kibao chake huku akipiga mluzi.

Alimkuta bibi wa saruji kibandani kwake, amevaa buti za mpira na aproni nyeupe kwa vumbi. Alikuwa Bi Assumpta Careen, mwanamke mfupi, mpana, mwenye mashavu mekundu na uso wa mtu ambaye hajawahi kudanganywa wala kudanganya.

"Mimi ni mwalimu," alisema Ambrose. "Mwalimu Dunstan. Nataka nakala moja ya jiwe, kwa ajili ya wanafunzi."

"Masikini, watoto wazuri!" alisema Bi Assumpta. "Umewahi kuwaona wenyewe pale mwambani, mwalimu?"

"Nani?"

"Viumbe, mwanangu. Siwezi kukuuzia sura ya mtu ambaye hujawahi kumsalimia. Kuna msafara wa wageni unaondoka sasa hivi. Nenda, urudi. Nitakuwekea chai."

Basi Ambrose, mtoto wa lami, akajikuta anakanyaga matope na Wamarekani sita nyuma ya dada mwongozaji, upepo unampekua mifukoni kama polisi. Walipofika, wote waliambiwa wavue viatu. Akavua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye dole gumba, akalificha kwa kusimama kama korongo.

Mwamba ulikuwa mpana, wa kijivu, umelala kimshazari kuelekea baharini. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha wingu likasogea, jua la ubavuni likaupiga, na mara wakatokea kila mahali, mamia kwa mamia: wengine kama jani la kangaga, wengine kama manyoya ya ndege, wengine mviringo kama kifuniko cha sufuria. Walikuwa wamelala kama walivyoangukiwa na majivu ya volkano, kwenye sakafu ya bahari ya kina ambako mwanga haukuwahi kufika.

"Hawakuwa na macho," alieleza yule dada. "Hawakuwa na miguu, tumbo wala mdomo. Kabla yao hatujui viumbe wengine wakubwa kiasi hiki. Hawakumla mtu, na hakuna aliyewala."

"Sasa walikuwa wanafanya nini kutwa?" aliuliza Ambrose.

"Walikuwa wanakaa tu."

"Bila mdomo?"

"Bila mdomo."

 Ambrose alijaribu kuwaza dunia nzima isiyo na mdomo hata mmoja: hakuna wa kudanganya, hakuna wa kudanganywa, kila mtu kwenye tope lake kwa amani. Alisikia kitu kikimgusa kifuani, akadhani ni baridi. Halafu akawaza jinsi jani lile la katikati litakavyopendeza kwenye sebule ya Toronto, akapona.

Kibandani, Bi Assumpta alimpa chai na maandazi bapa yaliyokaangwa na kumwagiwa molasi, akamfungia jiwe moja katika gunia la unga. Lilikuwa la ukubwa wa sinia, na juu yake jani lenye mishipa midogomidogo, safi kabisa.

"Chukua hili, limekauka vizuri," alisema. Bei ilikuwa ya bure tu. Ambrose hata hivyo aliomba apunguziwe, kwa sababu mtu asiache kazi yake ikapata kutu.

*

Alhamisi asubuhi, chumba cha hoteli, pazia limefungwa. Pazia lilikuwa wazo la Ambrose.

"Mjomba alishuka kwa kamba," alinong'ona, akifungua gunia kwa vidole viwili. "Mawimbi yanapiga huku, ndege wanalia kule. Kipande kilishamomonyoka chenyewe, bwana mkubwa, kingeanguka baharini kipotee milele. Kwa hiyo ukitazama vizuri, hatukuiba. Tumeokoa."

Bwana Haverstock alichukua kioo cha kukuzia, akainama. Alitazama kwa muda mrefu. Alilinusa jiwe. Kisha akatoa ulimi akalilamba, na Ambrose, aliyekuwa ameona mengi, akageuka upande kwa heshima.

"Chumvi," alisema Bwana Haverstock, macho yakimlengalenga.

"Bahari, mzee. Ile ile ya zamani."

"Na saruji? Huyo bibi wa saruji...?"

"Bwana mkubwa!" Ambrose aliweka mkono kifuani. "Saruji ina ubaridi wa kiwandani. Weka kiganja. Unasikia? Huu ni ubaridi wa kaburini."

Bwana Haverstock aliweka kiganja, akasikia ubaridi wa kaburini. Akatoa bahasha. Ilikuwa nene hivi kwamba Ambrose alishuka ngazi akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili kama amebeba mtoto wa kubatizwa. Gari limepatikana. Pete imepatikana. Hata mwaka wa kwanza wa viazi ulikuwa umepatikana. Alikwenda moja kwa moja kwa dobi, akamkuta Loretta mbele ya rundo la mashuka.

"Jumamosi," alimwambia, "mwambie mama yako unaolewa na mkaanga chipsi."

Loretta alimtazama kwa makini, akitafuta mahali pa uongo, hakupaona. Akatabasamu, na Ambrose akashika ncha ya shuka amsaidie kukunja. Alimpenda yule mwanamke kweli. Katika mambo yake yote, hilo peke yake halikuwa na hila.

Saa tisa alasiri mlango wa chumba chake uligongwa. Alikuwa Bi Assumpta, kofia imekaa upande, kikapu mkononi, macho yamevimba.

"Mwalimu Dunstan!"

"Umenipataje hapa?"

"Niliuliza kijana mwenye maneno mengi na koti la kijani. Watu watatu wakanionyesha mlango." Aliketi kitandani bila kukaribishwa. "Mwanangu, nimekufa. Jiwe langu liko wapi?"

"Shuleni. Watoto wanalipenda sana."

"Lile si langu! Nilikosea! Kipupwe kilichopita dhoruba iliangusha kipande cha mwamba, cha kweli, walinzi wa rasi wakanipa nikitoe nakala, na wenyewe wanakuja kukichukua Jumamosi asubuhi. Nilikiweka kwenye gunia la unga. Na lako lilikuwa kwenye gunia la unga. Tazama!" Akatoa kikapuni jiwe lenye jani lilelile, akaligeuza. Mgongoni lilichorwa herufi A kwa msumari. "Kila nakala yangu ina A. Lako lilikuwa na A?"

Ambrose alivuta kumbukumbu. Mgongo wa lile jiwe ulikuwa mtupu kama mkono wake ulivyokuwa Jumatano. 

Na hapa umwelewe. Miaka yote Ambrose alijivunia jambo moja: hajawahi kuuza kitu halisi. Kuuza hewa ni akili. Kuuza barafu ni mashairi. Lakini kuuza mwamba wa rasi, mali ya watu wote, ni jela, na juu ya jela ni aibu ya kutoamkiwa tena na mtu yeyote kisiwani.

"Utawaambia nini?" aliuliza.

"Nitasema kweli, mwanangu. Nitataja mwalimu Dunstan, koti la kijani, chumba cha juu. Siwezi kusema uongo, nimeungama Jumapili." Akapenga kamasi. "Na wao masikini! Wamelala pale pamoja tangu kabla ya samaki kuumbwa, leo mmoja amepelekwa shule!"

Ambrose alikwenda dirishani. Njia ilikuwa wazi: basi la jioni, kisha feri, kisha kupotelea bara akauze maziwa yasiyo na vyura kwa watu wengine. Angeweza kuondoka.  Lakini Loretta angebaki na maneno aliyokwisha kumwambia mama yake. Na jambo la pili, ambalo asingelikiri hata kwa padri: aliwakumbuka wale viumbe, hawana mdomo hata wa kupiga kelele, akaona haya.

"Rudi nyumbani, shangazi," alisema. "Kesho mchana nitalileta."

*

Ijumaa asubuhi Bwana Haverstock alikuwa anafunga mizigo. Jiwe lilikuwa juu ya kitanda, limezungushiwa taulo za hoteli.

"Bwana mkubwa," alisema Ambrose, "nimekuja na habari mbaya. Dhamiri imenikaba. Lile jiwe ni bandia. Ni saruji tupu. Fedha yako hii hapa, senti haijapungua, nipe nikalitupe."

Bwana Haverstock aliacha kukunja shati. "Saruji?"

"Saruji na masizi ya jiko. Nimekutapeli. Mimi mtu mbaya sana."

"Kama ni saruji, kijana, mbona unalilia?"

Ambrose alijifuta macho haraka. "Nalia kwa ajili ya dhamiri."

"Hapana. Mwenye bandia hukimbia na fedha, harudi nayo. Umerudi kwa sababu umejua ulichouza." Bwana Haverstock alikaa kando ya jiwe, akalipapasa kama paka. "Umepata mnunuzi mwingine. Nani? Yule Mfaransa?"

"Hakuna Mfaransa!"

"Mfaransa anatoa kiasi gani?"

Kwa mara ya kwanza tangu alipojua kusema, Ambrose Puddister alisema kweli, akaisema kwa machozi, akaapa kwa mama yake, na hakuaminika hata tone. Alieleza kuhusu bibi, gunia la unga na herufi A. Bwana Haverstock alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi. "Hadithi nzuri! Basi kumbe ni halisi. Bei imepanda."

Walivutana mpaka saa nne. Bahasha ikatolewa yote: haikutosha. Ndege ya Toronto ilikuwa inaondoka mchana. Ambrose alikimbia nyumbani, akang'oa ubao wa sakafu, akarudi na kopo la biskuti kifuani. Alipoliweka mezani aliuacha mkono juu yake kidogo, kama mtu anayeaga jeneza.

"Hilo ndilo lote?" aliuliza Bwana Haverstock.

"Hilo ndilo gari langu la chipsi," alisema Ambrose. "Ndiyo harusi yangu. Hakuna kingine."

Bwana Haverstock alilitazama kopo, akamtazama Ambrose, na kwa nukta moja ilionekana kama anataka kusema kitu. Kisha akalichukua.

Ambrose aliendesha gari la kuazima mpaka kusini na jiwe likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Bi Assumpta alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu, akambusu na yeye. Akampa chai na maandazi.

"Una moyo mzuri, mwanangu," alisema, akimtazama kwa mshangao kidogo. "Nani angedhani?"

Ambrose alirudi mjini hana kitu, na ajabu ni kwamba alikuwa mwepesi. Alimkuta Loretta anafunga kazi, akamweleza yote, toka vipakiti vya sukari mpaka kopo. Hakuficha hata Mjerumani. Loretta alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo hatuna gari," alisema mwishowe.

"Hatuna."

"Na mimi nimeshamwambia mama."

Akaondoka bila kuaga. Ambrose alibaki amesimama kati ya mashuka ya watu, na hilo liliuma kuliko kopo.

*

Jumamosi, saa sita imepita kitambo, alikwenda Quidi Vidi ili amwombe radhi Mzee Cluney. Mzee hakuwepo. Gari lilikuwepo, limesuguliwa, dirisha wazi, mafuta yanaimba, na foleni imefika mpaka ukingoni mwa ziwa. Basi wale wengine walikuwa wamelipata. Ambrose alisimama mkiani mwa foleni, kwa sababu huzuni ni huzuni na njaa ni njaa.

Mbele yake mtalii mmoja alikuwa amefika dirishani.

"Nipe samaki na chipsi," alisema mtalii.

"Samaki wamekwisha, mpenzi," ilijibu sauti nzito ya ndani ya gari.

"Lakini naona huyo hapo kwenye trei. Huyo mwekundu."

"Huyu ni salmoni. Nimekwambia samaki wamekwisha."

"Salmoni si samaki?"

"Mungu wangu! Salmoni ni salmoni! Samaki ni samaki!"

Watu wa foleni walitikisa vichwa kwa huruma. Kisiwani kwetu samaki ni mmoja tu, naye ni chewa. Wengine wote wana majina yao. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Ukitaka kujua nani kazaliwa hapa na nani kashuka na ndege, mwulize kama kuna samaki. Hakuna mtu wa Toronto anayeweza kusema maneno yale kwa uchungu ule.

Lakini sauti ile ilikuwa ya yule bwana wa Toronto. Ambrose alikuwa ameisikia ikidai bei mpya jana yake tu.

Alitoka kwenye foleni, akafika dirishani. Bwana Haverstock alikuwa ndani, ameshanyoa ndevu, aproni imemkaza tumbo. Nyuma yake, kwenye karai, Bi Assumpta alikuwa anageuza viazi.

"Ah, mwalimu!" alisema Bi Assumpta kwa furaha ya kweli. "Wewe Leo, mtazame nani kaja!"

"Jina langu ni Leo, Leo Careen," alisema Bwana Haverstock, akinyoosha mkono wenye mafuta. "Mume wa huyu. Pole sana, kijana. Ulilia vizuri mno, nusura nikurudishie."

Ambrose alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kwa muda alikuwa mmoja wa wale wa mwambani.

"Mliniingiza mjini," alisema hatimaye, taratibu, ili foleni isisikie. "Watu wa shamba! Mimi!"

"Mzee Cluney ana mdomo," alieleza Bi Assumpta. "Alituambia kuna kijana mmoja tapeli anazo fedha karibu zote. Na sisi tulikuwa nazo nusu. Nikamwambia Leo, basi zote zipo, zimetawanyika tu. Ile bahasha ndiyo ilikuwa nusu yetu. Ikaenda, ikarudi na kopo."

"Na jiwe? Lilikuwa halina A!"

"Kwani msumari ni wa lazima? Niliacha moja bila kuchora. Saruji, mpenzi, kama nyingine. Leo alilimwagia maji ya chumvi, halafu alipolilamba karibu atapike. Tumeliweka chini ya gurudumu, hapa pana mteremko."

"Nitakwenda polisi."

"Nenda," alisema Leo kwa upole. "Waambie uliuza mwamba wa rasi kwa mtu wa Toronto, pazia likiwa limefungwa. Watakupa kiti."

Ambrose aligeuka aondoke, na hapo ndipo alipomwona Loretta. Alikuwa pembeni ya gari, mikono mekundu ileile, anafunga chipsi kwenye karatasi.

"Na wewe ni mwenzao?"

"Nimewakuta hapa saa sita," alisema Loretta. "Nilikuja kumwangukia Cluney atungoje mwezi mmoja. Nikakuta gari limeshauzwa na hawa wanatafuta mtu. Nikachukua kazi. Ya dobi inanimaliza." Akafunga kifurushi kingine, akakikabidhi. "Wamenieleza walivyokufanya. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu wakaniambia ulilipa kopo zima ili jiwe lirudi. Hapo sikucheka."

"Tunataka na mtu wa kumenya viazi," alidakia Bi Assumpta. "Huyu Leo vidole vyake vinene. Tunalipa kila Ijumaa. Kazi ya halali kabisa, ila ya kuinama."

Ambrose alitazama magunia manne ya viazi nyuma ya gari, ndoo na kisu. Akaangalia barabara ya kurudi mjini. Akamtazama Loretta, ambaye alikuwa ameacha kufunga chipsi na anamsubiri, uso wake haujifichi.

Alivua koti la kijani, akalitundika kwenye kioo cha gari, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kiazi cha kwanza. Kisha akasita.

"Na ikifika Ijumaa msiponilipa?" aliuliza.

Loretta aliinama mpaka uso wake ukakaribia wake, na kwa mara ya kwanza tangu juzi alikuwa anatabasamu.

"Basi utajua sisi wengine tunavyoishi na wewe, kwa kuamini tu," alisema. "Menya."